Yannick Noah: Jicho Lilimwona, Ngazi Ilikuwa ya Nani?

(Makala haya yalisomwa kwanza redioni katika mazungumzo yetu ya kila juma.)

Ipo hadithi moja ya michezo ambayo tunapenda sana kuisimulia hapa Afrika. Inasema kwamba siku moja mwaka 1971 bingwa mkubwa wa tenisi, Mmarekani mweusi Arthur Ashe, alifika Yaoundé, mji mkuu wa Kamerun. Pale kiwanjani akamwona mtoto mmoja akipiga mpira kwa nguvu za ajabu. Akacheza naye, akamwachia raketi yake, na baadaye akawapasha habari wakubwa wa tenisi wa Ufaransa kwamba Yaoundé kuna lulu. Miaka 12 baadaye mtoto yule, Yannick Noah, alikuwa bingwa wa mashindano makubwa ya Ufaransa, na dunia nzima ikamshangilia.

Ni hadithi tamu, na si ya uongo. Lakini kila ninapoisikia huona kwamba inamalizika mahali ilipopaswa kuanza. Tunaambiwa jicho lilimwona mtoto. Hatuambiwi mtoto alipandishwaje, nani alimshika mkono, nani alilipa, na alilipa kwa sababu gani. Matokeo yake tunabaki na imani kwamba mafanikio ya vijana wetu yanategemea mgeni mwema apite njia siku ya bahati. Juma hili, kwa idhini yenu, nataka tuifungue hadithi hii tuione ndani.

Tuanze nyumbani kwa mtoto mwenyewe. Yannick Noah alizaliwa tarehe 18 Mei 1960 katika mji mdogo wa Sedan, kaskazini-mashariki ya Ufaransa. Ulikuwa mwaka uleule Kamerun ilipojipatia uhuru. Baba yake, Zacharie Noah, alikuwa Mkamerun aliyekwenda Ufaransa akawa mcheza kandanda wa kulipwa, beki wa timu ya Sedan. Mwaka 1961 timu hiyo ilitwaa Kombe la Ufaransa, naye Zacharie alikuwamo. Mama yake, Marie-Claire, alikuwa Mfaransa na mwalimu. Baba alipoumia na kulazimika kuacha mpira, familia ilihamia Kamerun, mwaka 1963, na huko ndiko Yannick alikokulia.

Nayataja haya kwa sababu wasimulizi wengi huyaruka. Wanapenda kutuchorea picha ya mtoto maskini, peku, aliyeokotwa mavumbini. La hasha. Huyu alikuwa mtoto wa mtu aliyeishi kwa michezo, aliyejua mazoezi ni nini, nidhamu ni nini, na namna mchezo unavyoweza kumlisha mtu na kumtupa. Alikuwa na wazazi walioweza kumpeleka klabu ya tenisi mjini Yaoundé wakati ambapo tenisi, huko kama huku kwetu, ulikuwa mchezo wa watu wachache mno. Tena alizaliwa Ufaransa na mama Mfaransa, kwa hiyo suala la uraia halikuwa kikwazo. Kabla Ashe hajashuka katika ndege, mtoto alikuwa amekwisha kupanda vidato kadhaa vya ngazi, na vidato hivyo vilitengenezwa na wazazi wake.

Sasa tumtazame huyo mgeni. Arthur Ashe alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani, wakati ambapo sheria ziliwatenga weusi na weupe. Baba yake alikuwa mtunzaji wa bustani ya michezo ya watu weusi, na familia iliishi humohumo ndani ya bustani. Viwanja vya tenisi vilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwao. Lakini viwanja bora zaidi vya mji, vile vya Byrd Park, vilikuwa vya weupe, na kijana mweusi hakuruhusiwa kucheza humo.

Ashe naye alionwa na watu. Kwanza alionwa na kijana mmoja mkubwa wake, Ronald Charity, aliyemfundisha kushika raketi. Charity akampeleka kwa daktari mmoja mweusi wa mji wa Lynchburg, Robert Walter Johnson. Daktari huyu alikuwa na kiwanja cha tenisi nyumbani kwake, na kila kiangazi aliwakusanya vijana weusi, akawalisha, akawafundisha, na kuwapeleka mashindanoni kwa gari lake. Kabla ya Ashe, mikononi mwake alikuwa amekwisha kupita Althea Gibson, mwanamke ambaye mwaka 1956 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa Ufaransa. Kutoka kwa Daktari Johnson, Ashe alipata njia hadi Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles kwa ufadhili wa masomo. Mwaka 1968, akiwa ofisa wa jeshi, akashinda mashindano ya wazi ya Marekani.

Hapa pana kisa kinachotusaidia kuelewa tenisi ya siku zile. Ashe alikuwa bado mchezaji wa ridhaa, kwa hiyo hakuruhusiwa kupokea zawadi. Dola 14,000 zilikwenda kwa Mholanzi Tom Okker, ambaye alishindwa katika fainali! Bingwa mwenyewe alipewa posho ya dola 20 kwa siku. Ulikuwa mwaka uleule ambao milango ya mashindano makubwa ilifunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa. Kabla ya hapo, kijana asiye na mali angewezaje kuufanya mchezo huu kuwa kazi? Ama awe na baba tajiri, ama aishi kwa posho na fadhila, ama ajiunge na kikundi kidogo cha wachezaji wa kulipwa waliozunguka kama sarakasi, wakiwa wamefungiwa mlango wa Wimbledon.

Basi Ashe alipokuja Afrika alijua vizuri maana ya kuonwa. Alikuja kwa ziara za urafiki zilizoandaliwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Ilikuwa enzi ya vita baridi, na Marekani ilipenda Afrika imwone Mmarekani mweusi aliyefanikiwa. Kwa upande wake Ashe alikuwa na shauku yake mwenyewe kuhusu bara hili. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini ilikuwa imemnyima viza alipotaka kwenda kucheza Johannesburg, na haikumkubalia hadi mwaka 1973. Mwaka 1970 alizunguka nchi kadhaa za Afrika pamoja na Mmarekani mwenzake Stan Smith, na miongoni mwa nchi hizo zilikuwamo Kenya na Tanzania. Naomba mliweke neno hilo akilini, ndugu wasikilizaji, maana nitalirudia.

Mwaka uliofuata, 1971, alirudi Afrika pamoja na wachezaji wengine, akiwamo rafiki yake Charlie Pasarell. Safari hiyo ikawafikisha Yaoundé. Pale klabuni akaletewa watoto wa kupiga nao mipira. Mmoja wao alikuwa mvulana wa miaka kama 11 hivi, mrefu kuliko wenzake, aliyeupiga mpira wa kuanzisha kama mtu mzima. Ashe alivutiwa. Akamwachia raketi yake, na kwa mtoto wa Yaoundé wa siku zile hiyo haikuwa zawadi ndogo.

Lakini raketi haimfanyi mtoto kuwa bingwa. Jambo kubwa alilolifanya Ashe ni lile lisilovutia katika masimulizi: alimpasha habari Philippe Chatrier. Bwana huyu alikuwa kiongozi wa juu katika shirikisho la tenisi la Ufaransa, na mwaka 1973 akawa rais wake. Angeweza kulisikia neno la Ashe akalisahau, kama viongozi wengi wanavyosahau. Hakulisahau. Kwa nini?

Sababu ni kwamba Ufaransa ilikuwa na njaa. Zamani, kati ya mwaka 1927 na 1932, ilikuwa imelishikilia Kombe la Davis miaka sita mfululizo, kwa kikosi cha akina René Lacoste, Henri Cochet, Jean Borotra na Jacques Brugnon. Uwanja maarufu wa Roland Garros mjini Paris ulijengwa mwaka 1928 ili kombe hilo litetewe humo. Baada ya hapo ukaja ukame. Mara ya mwisho Mfaransa kuwa bingwa wa wanaume katika mashindano yake ya nyumbani ilikuwa mwaka 1946, alipotwaa Marcel Bernard. Kila mwaka Wafaransa walijaa Roland Garros kuwashangilia wageni. Shirikisho likaona kwamba kungojea bingwa azaliwe kwa bahati hakutoshi. Hapana budi watoto watafutwe, wakusanywe, wapewe shule na walimu wa mchezo mahali pamoja. Mjini Nice, kusini mwa nchi, palikuwa na mpango wa namna hiyo, ambapo mtoto alisoma darasani na kufanya mazoezi chini ya kocha.

Kwa hiyo habari za Ashe zilifika kwenye ofisi iliyokuwa ikizingojea. Zilikuta fungu la fedha, shule, kitanda na kocha. Hapo ndipo penye kiini cha hadithi hii, na ndipo tunapopapita haraka.

Mwaka uleule wa 1971 Yannick Noah aliondoka Yaoundé kwenda Nice. Alikuwa na umri wa miaka 11. Ni zaidi ya kilomita 4,000 kutoka kwa baba na mama, kutoka kwa dada zake, kutoka kwenye jua la nyumbani na lugha ya mitaani aliyoizoea. Mwenyewe ameeleza mara nyingi, akiwa mtu mzima, kwamba miaka ile ya mwanzo ilikuwa ya upweke mkubwa. Katika Nice ya siku zile mtoto mwenye rangi yake alikuwa kitu cha kutazamwa. Wengi wetu tumesoma shule za bweni na tunaujua ule usiku wa kwanza, taa zinapozimwa. Lakini sisi aghalabu tuliweza kurudi nyumbani likizo kwa basi au gari moshi.

Hii ndiyo gharama ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya hesabu vya shirikisho lolote. Wazazi wake waliilipa, na mtoto akailipa zaidi. Siwalaumu. Kama wangemzuia, pengine angekuwa mtu mwema wa Yaoundé anayecheza tenisi Jumapili. Ninachosema ni kwamba tunaposhangilia kombe tukumbuke pia kile kitanda cha Nice.

Mwaka 1977, akikaribia au akiwa ametimiza miaka 17, Noah aliingia rasmi katika tenisi ya kulipwa. Neno hili la kulipwa linaweza kutudanganya. Mcheza kandanda wa kulipwa ana klabu, ana mkataba, na mwisho wa mwezi ana mshahara hata kama alikaa benchi. Mcheza tenisi wa kulipwa ni kama mchuuzi anayejitegemea. Nauli ni yake, hoteli ni yake, kocha anamlipa mwenyewe. Akishindwa katika mzunguko wa kwanza, anapewa kiasi kidogo na kukata tiketi ya kwenda mji mwingine kujaribu tena. Tangu mwaka 1973 kulikuwa pia na orodha iliyopangwa na kompyuta kwa pointi alizojipatia kila mchezaji. Aliye juu ya orodha anaingia mashindano makubwa moja kwa moja. Aliye chini lazima apambane kwanza katika mechi za mchujo, mbele ya viti vitupu, ili apate haki ya kuingia tu. Vijana wengi wenye vipaji huishia hapo, si kwa kukosa mkono mzuri, bali kwa kukosa nauli ya juma la kumi.

Noah alikuwa na shirikisho nyuma yake, na bado alianza kama wanavyoanza wengine, kwa kusafiri mbali kutafuta pointi. Mataji yake mawili ya kwanza aliyapata mwaka 1978, na hakuyapatia Paris wala London. Aliyapatia Manila katika Ufilipino na Calcutta katika India. Alikuwa na miaka 18. Mwaka huohuo alicheza Wimbledon mchezo wa wawili-wawili, na mwenzake upande mmoja wa wavu alikuwa Arthur Ashe. Ilikuwa imepita miaka saba tu tangu siku ile ya Yaoundé. Ashe, ambaye mwaka 1975 alikuwa ametwaa ubingwa wa Wimbledon kwa kumshinda Jimmy Connors, sasa alikuwa anakaribia mwisho wa safari yake ya uwanjani, na kijana alikuwa anaanza yake.

Mwaka 1979 Noah alishinda mashindano matatu: Nancy, Madrid na Bordeaux. Mwaka 1980 akafika fainali ya Roma, ambako Guillermo Vilas wa Argentina alimfundisha adabu, seti ya kwanza sita kwa sifuri. Mwaka 1981 akashinda tena, safari hii katika mji wa Richmond, Virginia. Naam, ni Richmond uleule ambako Ashe alipokuwa mtoto alizuiwa kuingia viwanja vya weupe. Sijui kama kuna jambo jingine katika historia ya mchezo huu linaloonyesha vizuri kuliko hilo namna mnyororo unavyofungana. Daktari Johnson alimshika mkono Ashe, Ashe akamshika Noah, na Noah akaenda kupokea zawadi katika mji uliomkataa Ashe.

Mwaka 1982 ndipo dunia ilipoanza kumwogopa. Kule La Quinta, California, alimshinda Ivan Lendl wa Chekoslovakia katika fainali, wakati Lendl alikuwa ameshinda mechi 44 mfululizo. Mwishoni mwa mwaka huo aliiongoza Ufaransa katika fainali ya Kombe la Davis mjini Grenoble, dhidi ya Marekani. Ilikuwa fainali ya kwanza ya Ufaransa tangu mwaka 1933. Noah alipambana na John McEnroe seti tano na kushindwa, na Marekani ikachukua kombe kwa michezo minne kwa mmoja. Lakini Wafaransa waliona kwamba wana mtu.

Kulikuwa na tatizo moja. Nyumbani Paris, pale Roland Garros, mwaka 1981 na 1982 aliishia robo fainali. Kiwanja cha Roland Garros ni cha udongo mwekundu, na udongo huo huupunguza mpira kasi. Wanaotawala hapo ni wale wanaosimama nyuma ya mstari na kurudisha kila kitu, saa nne, saa tano, mpaka adui achoke. Noah hakuwa mtu wa namna hiyo. Yeye alianzisha mpira kwa nguvu na kuukimbilia wavu, aumalize mchezo hapohapo. Wajuzi walisema mtindo huo ni wa nyasi za Wimbledon na kwamba kwenye udongo utamuua.

Mwaka 1983 alikuja na ushindi wa Hamburg mkononi, akiwa na kocha wake Patrice Hagelauer, na hakubadili mtindo. Alibadili maandalizi, maana mtu anayetaka kukimbilia wavu saa kadhaa juu ya udongo lazima awe na mapafu ya mkimbiaji. Katika robo fainali alimtoa Lendl kwa seti tatu kwa moja, na seti hiyo moja ndiyo pekee aliyoipoteza katika mashindano yote. Katika nusu fainali alimtoa Mfaransa mwenzake, Christophe Roger-Vasselin, aliyekuwa amemwondoa Connors.

Fainali ilikuwa Jumapili tarehe 5 Juni 1983. Mpinzani wake alikuwa Mats Wilander wa Sweden, kijana wa miaka 18 aliyekuwa bingwa mtetezi, mwenye subira ya mvuvi. Wilander alisubiri makosa. Noah alimnyima nafasi ya kusubiri. Kila mara aliukimbilia wavu, akipitwa mara nyingine, akirudi tena bila kujali. Akashinda seti tatu bila jibu: 6-2, 7-5, 7-6. Raketi yake ilikuwa ya mbao, na tangu siku ile hakuna mwanaume aliyeshinda shindano kubwa la mchezo wa mmoja-mmoja kwa raketi ya mbao. Mpira wa mwisho ulipotoka nje, mzee Zacharie Noah, beki wa zamani wa Sedan, aliruka kutoka jukwaani akaingia uwanjani, na baba na mwana wakakumbatiana wakilia mbele ya kamera za dunia.

Wafaransa walikuwa wamengoja miaka 37. Alikuwa mwanaume mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa Roland Garros. Na zaidi ya miaka 40 imepita tangu siku ile bila Mfaransa mwingine wa kiume kushinda shindano lolote kati ya manne makubwa katika mchezo wa mmoja-mmoja. Hata Noah mwenyewe hakufika tena fainali ya mmoja-mmoja ya mashindano hayo, ingawa mwaka 1986 alipanda hadi nafasi ya tatu duniani. Alikuwa na miaka 23 tu aliposhinda, na umaarufu ulimwelemea kiasi kwamba aliihama Paris akaenda kuishi New York.

Ndugu wasikilizaji, sasa tuulize: ushindi ule ulikuwa wa nani? Yaoundé walicheza ngoma, na walikuwa na haki. Mtoto alikulia kwao, baba yake ni wao, mpira wake wa kwanza aliupigia kwao. Lakini jina lililoandikwa katika orodha ya mabingwa lina bendera ya Ufaransa pembeni yake, na Ufaransa nayo ina haki. Yeye ndiye aliyeweka shule, kocha na kitanda. Ngazi iliyoegemezwa ukuta wa jirani humpandisha mwanao juu ya paa la jirani. Hakuna aliyeiba hapo. Swali ni kwa nini sisi wenyewe hatukuwa na ngazi.

Sasa nalirudia lile neno nililoomba mliweke akilini. Mwaka mmoja kabla ya Yaoundé, mtu huyuhuyu, mwenye jicho hilihili, alikuwa huku kwetu Afrika Mashariki. Hakutoka na jina la mtoto yeyote. Je, hatukuwa na watoto wenye vipaji? Siamini. Nchi hizi zilikuwa tayari zikitoa wanariadha waliotikisa Olimpiki. Lakini tenisi yetu ilikaa ndani ya kuta za klabu zilizojengwa na wakoloni kwa ajili yao wenyewe, na mtoto wa Kiafrika alizifahamu kama muokota mipira. Na tuseme Ashe angemwona mmoja wa waokota mipira hao akipiga ukutani kwa mkono wa ajabu. Angempasha habari nani? Yaoundé, kwa sababu za historia na damu, ilikuwa na Chatrier upande wa pili. Huku kwetu upande wa pili hakukuwa na mtu.

Tangu wakati huo wamekuwapo waliojitahidi. Mkenya Paul Wekesa alicheza tenisi ya kulipwa duniani katika miaka ya 1980 na 1990 na kuiwakilisha nchi yake katika Kombe la Davis. Mwaka 2022 binti wa Kenya, Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake mjini Nairobi, alitwaa taji la wasichana la wawili-wawili Wimbledon akiwa na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana katika mashindano hayo makubwa. Tulimshangilia, na alistahili. Baadaye akaenda kusoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Njia bado inatoka nje, kama ilivyotoka mwaka 1971.

Mimi sipingi vijana kutoka. Ashe mwenyewe alitoka Richmond. Ninachopinga ni kuridhika kwetu na simulizi ya jicho. Noah hakuridhika nayo. Mwaka 1996 alianzisha nchini Ufaransa chama kiitwacho Fête le Mur, kinachopeleka viwanja na walimu wa tenisi katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, ili mtoto wa huko asihitaji kungoja bingwa apite. Ashe naye, hadi kufa kwake Februari 1993 akiwa na miaka 49, aliendelea kujenga mipango ya watoto wa mijini. Wote wawili walionwa kwa bahati, na wote wawili walitumia nguvu zao kuhakikisha kwamba bahati haitakuwa mlango pekee.

Tenisi ni mfano tu. Weka mahali pake hesabu, uchoraji, muziki au ufundi wa mashine, hadithi ni ileile. Watu wenye macho tunao. Walimu wa michezo wenye macho tunao katika kila wilaya, na wengi wao hufanya kazi yao kwa mpira mmoja uliotoboka na filimbi. Wasichonacho ni mtu wa kumweleza walichokiona, mwenye fungu, mwenye shule, mwenye kitanda, na asiyesahau. Wenzetu mnaoongoza vyama vya michezo, na wizara zenye dhamana, nawaachia swali hili moja. Leo jioni mwalimu wa Manyoni, Kitale au Newala akimwona mtoto wa miaka 11 anayepiga mpira kama mtu mzima, ampigie nani simu?